Kozi Aliyosoma Nyanjige Pamoja na Mkwewe

Mkutano wa kijiji ulipomchagua Nyanjige Mayunga kwenda Bariadi kusoma kozi ya kuelewa na kuzuia VVU na UKIMWI, hakuna mkono uliopinga. Sababu ilikuwa moja: haoni haya. Hapa kwetu Zagayu wapo wanawake waliosoma kumzidi, na wapo wenye sauti nzuri zaidi kwenye kwaya, lakini ni Nyanjige aliyesimama siku ya kuuza pamba akasema mbele ya watu sabini kwamba mizani ile imelewa, ipelekwe ikalale kwanza. Ni yeye pia aliyemkatiza mganga mmoja aliyekuwa anapiga ramli, akamwuliza kama kuku anayemtaka ni wa mizimu au ni wa chakula cha mchana.

Mwenyekiti alieleza kwamba kozi yenyewe ni ya wiki tatu, na inahitaji mtu anayeweza kuvitaja vitu kwa majina yake bila kuangalia chini. Watu wakageuka wote kumwangalia Nyanjige. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane, darasa la saba, na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, Lucy, aliyeolewa Ipililo huko Maswa na kijana anayeitwa Jilala.

Aibu yote aliyopewa na Mungu, Nyanjige alikuwa ameiweka kwa huyo Jilala. Kwetu mama na mkwewe wa kiume hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mtama mpaka mwenzake apite. Si chuki. Ni heshima, na kadiri watu wanavyoheshimiana ndivyo wanavyokimbiana. Nyanjige na Jilala waliheshimiana mno. Katika miaka sita ya ndoa ya Lucy alikuwa ameuona uso wa mkwewe mara mbili, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kwenye picha.

Chuo kilikuwa nje kidogo ya mji, majengo matatu na jiko la nje. Nyanjige alifika Jumapili na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akapewa kitanda karibu na mama mmoja wa Bukundi anayeitwa Monika, mtu mnene, mcheshi, mfugaji. Mpaka wanalala walikuwa wameshajuana kama ndugu. Monika ndiye aliyetusimulia sehemu kubwa ya haya, kwa sababu Nyanjige mwenyewe akifika sehemu fulani hujifanya anakohoa.

Jumatatu asubuhi Nyanjige alikaa dawati la mbele kabisa. Mkufunzi alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, Danford, mzaliwa wa Temeke, aliyehamia Bariadi mwezi mmoja tu uliopita na alikuwa bado anajifunza kuitikia salamu ya "mwangaluka" asubuhi na kumwita mama "mayu". Akaanza kuita majina. Monika wa Bukundi, yupo. Nyanjige wa Zagayu, yupo. Akaenda, akaenda, akafika kwa Jilala wa Ipililo.

"Nipo," ilisema sauti ya kiume kutoka nyuma.

Monika anasema Nyanjige alikauka kama mtu aliyesikia chatu anapumua chini ya kitanda. Hakugeuka. Aliivuta kanga ikafunika kichwa, halafu uso, akabaki anachungulia kwa jicho moja. Nyuma nako, Jilala alikuwa ameshasikia jina la Zagayu, na sasa alikuwa ameinama chini ya dawati anatafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi mwake. Aliitafuta mpaka kipindi kikaisha.

Ilikuwaje wasijue? Jilala alichaguliwa na kijiji chake kama Nyanjige, lakini alimwambia mkewe anakwenda semina ya viuatilifu vya pamba. Nyanjige naye alimwambia binti yake anakwenda Bariadi kozi ya afya, basi. Lucy alikuwa nyumbani anajua mama yake yuko kwa manesi na mumewe yuko kwa wadudu wa pamba.

Wangeweza kurudi makwao. Lakini Nyanjige aliona aibu kurudi Zagayu na kusema yeye, yule yule wa mizani, ameshindwa. Jilala naye alikuwa ameshakula posho ya nauli. Wakabaki, na wiki nzima ya kwanza wakasoma kwa kukwepana. Nyanjige aliingia darasani wa kwanza na kutoka wa mwisho. Jilala alianza kuingia kwa dirisha la nyuma ili asipite karibu na dawati la mbele. Yalikuwa madirisha mafupi, hayana nondo. Wakati wa chakula, Jilala akionekana kwenye foleni ya ugali, Nyanjige alirudi bwenini kula michembe. Kikombe cha maji ambacho Jilala alikuwa amekunywea, Nyanjige hakukigusa. Akikohoa Jilala, Nyanjige anainamisha kichwa. Akiuliza swali Nyanjige, Jilala anaziba masikio, kwa sababu maswali ya Nyanjige, hata akiwa ndani ya kanga, hayakuwa ya kusikilizwa na mkwe.

Nyanjige alisoma kweli, lakini. Jumatano tayari alikuwa anawaeleza wenzake bwenini tofauti ya VVU na UKIMWI: kwamba mtu anaweza kuwa na virusi miaka mingi bila kuugua, na akimeza dawa zake za kufubaza kila siku virusi vinapungua mpaka kipimo hakivioni, na hapo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Monika alimwambia hilo la mwisho haliamini. Nyanjige akamfungulia daftari, akamwonyesha mstari, akamwambia abishane na daftari.

Darasa zima la Wasukuma lilishaelewa mambo ya wale wawili kufikia siku ya pili, na likanyamaza, kwa sababu jambo kama hilo halisemwi. Mtu mmoja tu hakuelewa, naye ndiye alikuwa anafundisha.

Danford alikuwa anaangalia. Aliona mama anayefunika uso kijana yule akipita. Aliona kikombe. Aliona ugali ulioachwa. Alikuwa mwalimu mzuri, mwenye moyo, na moyo wake ukaanza kumuuma kwa ajili ya Jilala. Ijumaa ilikuwa zamu ya somo la unyanyapaa. Akaandika neno hilo ubaoni kwa herufi kubwa, akapigia mstari mara mbili, akageuka.

Akasema wasidanganyane, unyanyapaa hauko mbali, uko humu humu ndani. Kuna mwenzao mmoja anatengwa toka Jumatatu. Yeye hajui hali ya afya ya mtu yeyote wala hataki kuijua, lakini hata kama mtu angekuwa na virusi, je, ndivyo tunavyomtendea? Kila mtu darasani akaangalia mikono yake mwenyewe. Monika akanyoosha kidole akitaka kueleza, "Mwalimu, kwa mila za huku...", lakini Danford akamkatiza kwa upole, akasema mila haziwezi kuwa kichaka cha kujifichia.

Kisha akamwita Nyanjige mbele.

"Mama Nyanjige, ukimshika mtu mkono unaweza kupata VVU?"

"Hapana, mwalimu," ilisema kanga.

"Safi. Jilala, njoo hapa mbele. Mama, mshike mkono mwenzako, darasa lione."

Monika anasema alitamani ardhi ipasuke immeze yeye, ingawa si yeye aliyeitwa. Danford akasubiri akitabasamu, mikono ameikunjua kama padri. Nyanjige akaona mwalimu haachi. Akakusanya nguvu zake zote, akasema jambo ambalo kwake lilikuwa kweli tupu:

"Mwalimu, huyu simshiki hata akiwa mzima."

Danford akasikia kitu kingine. Nje ya dirisha la nyuma, mpishi wa chuo aliyekuwa anaanika sahani naye akasikia kitu kingine. Jilala hakungoja kusikia zaidi. Alitoka kwa dirisha lile lile alilozoea kuingilia, isipokuwa safari hii hakuangalia, akaangukia kwenye kichanja cha vyombo na sahani arobaini na mbili za bati. Mlio wake ulifika barabarani. Mpishi alimfukuza na mwiko mpaka kwenye tangi la maji.

Darasa likavunjika. Monika akamshika mwalimu mkono, akamweka kwenye kiti, akamweleza polepole kama anayemweleza mtoto: yule kijana ni mume wa binti wa yule mama. Danford akauliza, kwa hiyo? Monika akarudia tangu mwanzo. Alipofika mahali pa kuingia kwenye mtama, Danford aliondoa miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Alikumbuka kwamba Alhamisi, mbele ya wale wawili, alipitisha sanamu ya mti mkono kwa mkono ili kila mmoja ajizoeze kuivalisha kondomu, na alimgombeza Jilala kwa kuiangusha.

Jioni ile alikwenda kwenye mlango wa bweni la wanawake, akasimama nje, akaomba radhi kwa sauti. Nyanjige akamjibu kupitia Monika kwamba ameshasamehewa, ila asije akarudia na mtu mwingine. Jumatatu iliyofuata waliukuta ubao mwingine umesimamishwa katikati ya darasa kwa miguu yake, kama ukuta. Upande mmoja Zagayu, upande mwingine Ipililo. Jilala akaanza kuingia kwa mlango.

Mambo yangeishia hapo, kama si mpishi. Mpishi alikuwa na shemeji yake Ipililo. Maneno "simshiki hata akiwa mzima" yalipanda basi, na yalipofika huko yalikuwa yamegeuka "simshiki, si mzima". Jumatano ya wiki ya pili simu ya Nyanjige ililia.

Lucy alimwamkia mama yake, akaitikiwa. Halafu akasema amesikia kisimani kwamba Jilala hayuko kwenye semina ya pamba. Yuko Bariadi kwenye mafunzo ya UKIMWI, mwalimu amemsimamisha mbele kama mfano, na mama mmoja amekataa kumshika kwa sababu si mzima.

"Kwa nini alinidanganya, mama?" aliuliza. "Wewe uko huko huko. Ni kweli?"

Nyanjige alimwambia kwamba la kusimamishwa ni kweli, la kutokuwa mzima ni uongo wa jikoni, na huyo mama aliyekataa ni mama yake mwenyewe. Lakini kwa nini Jilala alimdanganya mkewe, hilo hakuwa na jibu. Usiku akajigeuza kitandani mpaka Monika akalalamika. Angemtuma Monika kuuliza, lakini lilikuwa swali la mtoto wake, na aliona likipita kwenye mdomo wa tatu litafika Ipililo limeota mkia kama lile la kwanza.

Mtihani wa mwisho ulikuwa wa vitendo. Kila wawili wangekaa mbele, mmoja awe mshauri, mwingine awe mteja aliyekuja kupima. Mshauri angeuliza maswali yaliyo kwenye kadi, na mteja angejibu anavyotaka. Vikaratasi vya majina vilichanganywa kwenye kofia ya Danford. Nyanjige akatumbukiza mkono, akafungua, akasoma, akakunja tena. Danford, aliyekuwa ameshachungulia jina la Jilala, akanyoosha mkono haraka akachukua kikaratasi, akasema hiki ni kosa, achague kingine.

Nyanjige alikuwa amefikiri tangu simu ile ya Lucy. "Kiache hapo hapo, mwalimu," alisema. "Leteni ubao."

Wakauleta ubao, wakausimamisha mbele kabisa. Upande huu Nyanjige kwenye kiti na kadi yake. Upande ule Jilala kwenye benchi, miguu tu ikionekana kwa chini, viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi asubuhi ile. Darasa likahama viti ili kila mtu apaone pote pawili. Mpishi alikuja dirishani na sahani ambayo haikuhitaji kufutwa.

Nyanjige alianza vizuri. Akamkaribisha mteja, akamwambia kwamba yatakayosemwa hapa ni siri kati yao, na watu ishirini na sita wakatikisa kichwa kukubali. Akamwuliza kilichomleta. Sauti nyuma ya ubao ikasema amekuja kujua afya yake. Kisha akafika kwenye swali la tatu, akakohoa, akalitazama, akalisoma kama lilivyoandikwa.

"Katika miezi kumi na miwili iliyopita umekuwa na wenza wangapi?"

Viatu vikasogea vikakaa pamoja.

"Mmoja," alisema Jilala.

"Una uhakika, baba?"

"Nina uhakika, mayu. Ni mmoja, tena anatosha."

Mtu mmoja nyuma alicheka kwa pua, Monika akamkanyaga. Nyanjige akavuka swali la nne, la tano, akafika kwenye la sita. Hili pia lilikuwa kwenye kadi. Danford alihakikisha baadaye.

"Mwenza wako anajua kwamba uko hapa?"

Jilala alikuwa na haki ya kubuni jibu, ndivyo mazoezi yalivyo. Angesema anajua, na mambo yakapita. Sijui kama ni heshima au ni kuchoka kuingia madirishani.

"Hajui," alisema. "Nilimwambia niko semina ya viuatilifu."

"Kwa nini?"

"Niliona aibu kusema ni kozi ya mambo haya." Viatu vikajificha chini ya benchi. "Na niliogopa atamwambia mama yake."

Ubao ulitikisika. Wengine wanasema Jilala aliugusa kwa goti, Monika anaapa kwamba Nyanjige ndiye aliyekuwa ameushikilia kwa upande wake ili asianguke kwa kucheka. Darasa halikujizuia tena. Danford alijifunika uso na orodha ya majina, mabega yakimcheza. Nyanjige alisubiri watulie, akanyoosha kadi.

"Huyo mama yake ni mtu wa kuogopwa?"

"Ni mtu wa heshima kubwa," alisema Jilala. "Mizani yenyewe inamwogopa."

Nyanjige akaandika kitu kwenye karatasi yake. Akamwambia mteja kwamba ushauri wake ni huu: leo leo ampigie mkewe amweleze ukweli, na akirudi waende wakapime wote wawili, kwa sababu mtu anayepima peke yake amejua nusu tu ya mambo ya nyumba yake. Jilala akasema ataenda.

Likabaki jambo la mwisho kwenye kadi: mshauri amwonyeshe mteja matumizi sahihi ya kondomu, na mteja arudie mbele ya mshauri. Sanamu ya mti ilikuwa mezani. Watu wote waliiangalia, kisha wakaangalia viatu, kisha wakamwangalia Nyanjige. Yeye akaifunika ile sanamu kwa upindo wa kanga, akamgeukia Danford.

"Mwalimu, ukurasa wa kumi na nane unasema mshauri akiona huduma fulani hawezi kumpa mteja wake, ampe rufaa. Mteja huyu ninampa rufaa kwako."

Danford akafungua kitabu, akaenda ukurasa wa kumi na nane, akasoma kimya huku kidole kikifuata mstari. Ilikuwa imeandikwa hivyo. Akavaa uso wa kazi, akapita upande wa pili wa ubao na sanamu yake, na Nyanjige akatoka nje mpaka shughuli iishe. Alipata themanini na moja. Jilala alipata sabini, na safari hii hakuiangusha sanamu.

Jioni Jilala alimpigia mkewe. Lucy alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia arudi, na kwa siku nne za mwanzo alimpikia bila kumsemesha. Siku ya tano alivaa gauni la kanisani, wakaenda zahanati pamoja, wakapimwa wote. Alimpigia mama yake akasema tu, tumepima, tuko salama, na mwenzangu anasema anakushukuru. Nyanjige akamjibu kwamba hamjui huyo mteja anayezungumziwa.

Danford siku hizi, kabla ya kufungua kozi, huwauliza wanafunzi ni nani mkwe wa nani.

Nyanjige alianza kazi Zagayu baada ya mavuno ya pamba. Mwanzo watu walikuja kumsikiliza kwa sababu habari ya ubao ilikuwa imetangulia, wakitaka aisimulie. Aliisimulia kidogo, akaingiza ya daftari katikati, wakajikuta wameyasikia yote. Gari la kupimia VVU lilipokuja Oktoba alikaa mezani akiandika majina, na wanaume waliojitokeza walikuwa wengi kuliko mwaka wowote, wengine wakitania kwamba wamekuja ili asije akawafuata kwao na kadi.

Jioni moja, wiki mbili baada ya gari hilo, alikuja kwake Milembe, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke wa miaka arobaini asiyezoea kutembelea watu. Alikaa, akasaidia kupepeta mahindi, akaongea habari za mvua. Alipokuwa anaaga, akasema kwamba anameza dawa mwaka wa nne sasa. Huwa anazifuata mbali, anashuka vituo viwili kabla, anatembea, ili asionekane. Kipimo cha mwisho walimwambia virusi havionekani, lakini hakuwahi kuwa na mtu wa kumwambia habari hiyo nzuri.

Nyanjige hakusema maneno mengi, jambo ambalo wanaomfahamu hawaliamini. Alimwuliza tarehe ya kufuata dawa ni lini. Milembe akasema Alhamisi.

"Basi Alhamisi tutaenda wote," alisema Nyanjige, "na tutashukia mlangoni."

Walienda. Njiani, Milembe anasema, Nyanjige alibishana na kondakta kuhusu mzigo wa mahindi kuanzia Zagayu mpaka wanashuka, na hakuna abiria hata mmoja aliyepata nafasi ya kujiuliza wale wanawake wawili wanakwenda wapi.